Anwani Yetu

Kilio kilitoka kiunoni mwake.
Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata simu, nimekwisha sema yote:
nyumba ya njano, Mtaa wa Lehman, nambari kumi na nne,
mume wangu, sakafuni, hapumui.
Kabla sijapiga goti
kile kidude cheusi mkandani mwake kikatetemeka,
kikalia mara tatu kama kifaranga,
na sauti ya mwanamke wa kituoni ikatangaza jikoni kwetu:
nyumba ya njano, Mtaa wa Lehman, nambari kumi na nne.

Kazimierz hakuitika.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiitika,
akiacha supu, akiacha misa,
akiacha ubatizo wa mjukuu na mshumaa bado mkononi.
Zamu ya usiku ule ilikuwa yake
kwa kuwa wiki nzima ilikuwa yake:
Ludmila, goti limemgomea;
Emlyn, mtoto wa jicho, haoni barabara ikishaingia giza;
na yule kijana wa akina Reinhart kahamia kwenye mabohari
wanakolipa kwa saa.
Hapa hawalipi. Hapa unapewa fulana.

Mganga hajigangi, hilo tulilijua.
Tusilolijua ni jinsi gari la wagonjwa linavyoonekana
kutoka dirisha la sinki,
nyumba sita chini, paa jeupe chini ya taa,
limeoshwa, tangi limejaa, betri imechajiwa,
yeye mwenyewe aliichaji jioni,
na ufunguo mfukoni mwake.

Aliyekuja ni polisi.
Trexler, mmoja kwa miji mitatu
tangu baraza lilipokata bajeti.
Alikuwa ng'ambo ya mlima akiamua ndugu wawili
waliogombea mashine ya kuzoa theluji. Akawaacha.
(Baadaye nilisikia mmoja alivunjwa taya.
Hilo nalo nimelihesabu kwenye deni la nyumba hii.)
Dakika kumi na tisa.
Hakufuta viatu. Akapiga magoti juu ya unga wangu,
maana nilikuwa nakanda pierogi, dazeni sitini,
za kuuza kanisani Ijumaa
ili gari lipate matairi,
akaanza kusukuma kifua, akihesabu kwa sauti,
akipotea kwenye ishirini na kitu,
akirudi kwenye moja.
Nikamwambia, pumzika, nipokee mimi.
Akasema, mama, nikiacha nitakuwa nimeacha.

Gari la wilaya lilivuka mlima kwa dakika arobaini na moja.
Wageni, wapole, glavu za buluu.
Mmoja akatazama saa ya ukutani, kisha yake,
kana kwamba moja ingemwonea huruma.
Kidude kikalia tena, kikiuliza
kama kuna yeyote njiani.

Machi baraza likakaa.
Mwenyekiti akasoma wastani: dakika kumi na mbili.
Nikauliza, wastani wa nani?
Akanywa maji.
Trexler alisimama mlangoni, bandeji kwenye vifundo vya mikono,
akasema, "Mimi nadhani tatizo si..."
na redio begani ikamwita.
Akatoka na sentensi yake.
Tulibaki tukisikiliza king'ora kikipanda mlima,
watu arobaini na saba kwenye viti vya kukunja,
kila mmoja akipiga hesabu
anwani hiyo ni ya nani.

Nina miaka sitini na minane.
Mtihani wa kuendesha nilianguka mara moja, nikapita mara ya pili.
Ludmila anakaa nyuma na goti lake,
ananifundisha majina ya vitu vilivyomo kwenye droo.
Kidude kinalala jikoni, kando ya unga.
Jana usiku kililia, mtoto kameza kifungo huko Mtaa wa Spruce,
nikakimbia na aproni.
Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kabisa,
kwa miguu yake.
Nilipoteza sekunde nne nikikivuta mbele.
Nimeziandika kwenye fomu.